Fataki za Kufukuzia Viboko

Katika duka nililofanyia kazi Nchelenge, kando ya ziwa, palikuwa na rafu moja ambayo wateja wetu waliruhusiwa kuitazama tu. Ilikuwa nyuma ya kaunta, peke yake, upande usio na mafuta ya taa wala viberiti. Juu yake yalikaa maboksi ya fataki. Mara moja kwa mwaka wazungu wachache wa wilaya walikuja kuzinunua kwa ajili ya sherehe yao, na kesho yake watoto wa jirani waliokota makaratasi yaliyoungua. Mtu mweusi akiziulizia, jibu lilikuwa moja: sheria haikuruhusu kumuuzia baruti asiye na kibali, na kibali hakikutolewa kwa watu wa kambi za uvuvi.

Hata hivyo watu walikuwa nazo. Zilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, ndani ya mitumbwi, chini ya magunia ya chumvi. Hakuna aliyezinunua kwa sherehe. Zilikuwa za viboko.

Ni lazima nilieleze jambo hili, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza kudhani kwamba fataki ni mchezo tu. Kiboko hutoka majini jua likizama. Hula majani ya mihogo, mahindi na viazi, na anachokikanyaga ni kingi kuliko anachokila. Zamani alifukuzwa kwa moto na ngoma. Wakati wetu tulipiga madebe. Viboko wa kisiwa cha Chisenga walikuwa wameyazoea madebe. Walisimama katikati ya shamba wakitafuna na kusikiliza zile kelele, kama watu waliokaa kanisani wakisubiri mahubiri yaishe. Lakini fataki moja ikilia karibu nao waligeuka wakakimbilia ziwani, na shamba likapumzika kwa muda mrefu.

Ubaya wa fataki za Kongo ni kwamba ziliuzwa kwa siri, na anayeuza kwa siri haelezi kitu. Mvuvi mmoja wa Puta aliingia dukani siku moja kununua kitambaa cha kufungia mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeungua hadi kwenye kiganja. Alikuwa ameiwasha fataki akabaki ameishika, akimsubiri kiboko asogee.

“Lakini uliona utambi unaungua,” nilimwambia.

“Niliona,” alijibu. “Nilidhani bado ina maneno ya kusema.”

Wenzake walicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Kisha akashindwa kuhesabu senti zake kwa mkono mmoja, ikabidi nimsaidie.

Mwenye duka alikuwa mzungu mzee aliyefanya biashara ya samaki upande wa Kongo kabla ya kuhamia kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga, hicho hicho tulichokitumia na wachuuzi wa ng'ambo. Alikwenda boma, ofisi ya serikali ya wilaya, kuomba ruhusa ya kuwauzia fataki watu wa kambi. Hoja yake haikutoka katika huruma, alitaka kuuza. Lakini ilikuwa hoja nzuri. Watu wanazo tayari, alisema, na wanaungua tayari. Basi afadhali wazinunue mahali ambapo yuko mtu wa kuwaeleza. Nilikubaliana naye wakati ule, na yaliyotokea baadaye hayakunibadilisha.

Aliyeisubiri ruhusa hiyo kuliko wote alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ya kwetu nilimwita yaya. Mume wake alikuwa amekufa Chisenga kwa homa, na yeye alikataa kuondoka kisiwani. Aliishi hivi: nyuma ya kambi alikuwa na shamba la mihogo. Wavuvi wa kambi hawalimi. Wana samaki lakini hawana unga. Yaya aliwapa unga, wao wakampa samaki wabichi, naye aliwakausha kwa moshi juu ya kichanja na kuwauzia wachuuzi waliokuja kwa mashua. Hakuwa na mtumbwi, wavu, wala mwanamume. Alikuwa na mihogo, na mihogo ndiyo iliyomfanya awe mtu kisiwani. Ndugu za mume wake walimwacha akae kwa sababu alijilisha. Siku atakapoanza kuomba unga, watamrudisha kwetu.

Mwaka ule viboko walikuwa wamekula nusu ya shamba. Yaya alikuja Nchelenge kuuza samaki, akasimama mbele ya kaunta akiitazama ile rafu.

“Mdogo wangu, mzee wako bado hajapata jibu?”

“Bado, yaya.”

“Nusu iliyobaki ndiyo ya kunivusha hadi mavuno mengine. Hiyo ikiisha, na mimi nimeisha pale.”

“Kuna watu wanaziuza kule kambini.”

“Za Kongo? Nimeuona mkono wa yule wa Puta. Mimi kazi yangu ni mikono.” Aliinyoosha yote miwili juu ya kaunta, kama anayenionyesha bidhaa. Ilikuwa imekauka na kupasuka kwa chumvi na moshi. “Nitangoja za kwenu.”

Ruhusa ilikuja ikiwa na masharti. Bwana wa boma alichagua maagizo manne kutoka katika karatasi iliyokuja na maboksi, na akaamuru kwamba hakuna atakayeuziwa mpaka ayaseme yote kwa kinywa chake. Fataki isimame ardhini, isiwashwe mkononi. Ukishaiwasha, rudi nyuma, usiiinamie. Ikikataa kulia, usiirudie mpaka imwagiwe maji mengi. Nayo itunzwe mahali pakavu, mbali na watoto. Kazi ya kuyafasiri na kuyafundisha nilipewa mimi.

“Weye utafundisha bantu bote,” mwenye duka aliniambia. “Mutu hajui kujibu, hapana kuuzisha. Hata akilia. Hata akiwa mukubwa wa kanisa.”

Nilikuwa nimejifunza kusoma kwa kutumia maandishi ya makopo na magunia ya duka lile, neno baada ya neno, kwa hiyo niliiheshimu sana karatasi. Niliyafasiri maagizo kwa Kibemba na kwa Kiswahili cha soko, bila kuongeza na bila kupunguza. Watu waliyapokea kama katekisimu. Waliketi barazani wakifundishana kabla ya kuingia, na aliyekosea alirudishwa nyuma ya mstari huku wenzake wakimzomea.

“Ikikataa kulia unafanyaje?” nilimuuliza mzee mmoja wa Mununga, ambaye kama wengi aliniita mukwai, yaani bwana.

“Ninaiacha, mukwai. Ninaiacha kama muke wa mutu mwingine.”

“Sivyo tu. Unaimwagia maji.”

“Na muke wa mutu naye nimumwagie maji?”

Baraza zima lilicheka. Mwenye duka alitoa kichwa dirishani kuuliza wamesema nini, na nilipomfasiria naye alicheka, akanipungia mkono nimuuzie. Nilikataa mpaka mzee aliposema jibu lote. Nafikiri huo ulikuwa wakati mwema katika duka lile. Watu walilipa wakiwa wima, mchana, mbele ya wenzao, wakaondoka na kitu walichoelezwa.

Yaya alikuja siku upepo ulipotulia. Aliyasema maagizo yote manne bila kusita, akinitazama usoni kana kwamba mimi ndiye ninayepimwa. Nilimuuliza tena lile la nne, kwa sababu msimu wa mvua ulikuwa umeanza.

“Mahali pakavu, mbali na watoto,” alisema. “Watoto sina. Pakavu nitapatafuta.”

Nilimfungia pakiti kwa karatasi ya sukari, naye akaifunga tena ndani ya kitenge chake cha pili. Alishuka ufukweni, akapewa nafasi katika mtumbwi wa wavuvi wa Chisenga.

Yaliyofuata sikuyaona. Niliyapata kwake, na kwa mwanamke jirani aliyekuwa amesimama karibu, na wote wawili walisema sawa.

Katikati ya ziwa upepo uliamka tena. Maji yaliingia mtumbwini, na wale waliokuwa ndani walichota kwa masufuria. Yaya aliinua kitenge juu ya kichwa chake, lakini mawimbi yalikuja kwa ubavu. Alipofika kambini na kufungua, karatasi ya sukari ilikuwa imeshikamana na fataki. Hazikuwa zimeharibika sura. Zilikuwa zimelowa tu.

Sasa, katika kambi ya uvuvi wakati wa mvua, kuna mahali pamoja tu palipo pakavu. Vibanda ni vya nyasi na matete, na sakafu yake ni mchanga unaonyonya maji ya ziwa. Kitu chochote ambacho mtu hataki kiote ukungu hukiweka juu ya kichanja cha samaki, pembeni, ambapo joto ni la chini: chumvi, kiberiti, mbegu, kitabu cha nyimbo. Na samaki aliyekwisha kukauka akipatwa na unyevu njiani hatupwi. Hurudishwa kichanjani. Mtoto wa kike wa kwetu hujifunza hilo kabla ya kujifunza kupika.

Yaya alijua kwamba fataki huwashwa kwa mwali. Hakuwa mjinga. Alingoja mpaka asubuhi moto ulipobaki makaa na moshi. Alitandaza jani bichi la mgomba pembeni mwa kichanja, akazipanga juu yake moja moja, tambi zikitazama juu. Akazigeuza mara kwa mara kwa vidole, kama anavyogeuza samaki wadogo. Jirani aliniambia kwamba zilikauka vizuri sana, na kwamba yeye mwenyewe alipita akasema, “Mama, leo unakausha samaki wa Ulaya?”

“Hawa hawana miiba,” yaya alimjibu.

Katikati ya kichanja kile kile palikuwa na samaki wanono, mali aliyobadilishana kwa unga wiki ile. Samaki mnono akipata joto hutoa mafuta. Mafuta yakidondoka juu ya makaa, mwali huruka mara moja na kuzimika. Kwa samaki hilo si jambo kubwa. Anayekausha huingiza mkono haraka na kumsukuma pembeni asiungue. Mikono ya wanawake wetu hufanya hivyo bila kuuliza kichwa. Mafuta yalidondoka, mwali ukaruka, ukafuata ukingo wa lile jani ambalo wakati huo lilikuwa limekauka nalo. Na mkono wa yaya ukaingia.

Zililia zote pamoja.

Siku tatu baadaye nilimkuta katika zahanati ya misheni. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko, na jicho la upande huo lilikuwa limefunikwa pamba. Nilikaa kitandani mwake. Hakulia. Aliniuliza kama mihogo imeliwa.

“Sijafika kisiwani, yaya.”

“Basi nenda. Hapa nimeshafungwa, utanitazama nini?”

Nilikwenda. Mihogo ilikuwa bado imesimama, ile nusu. Mlio ule mkubwa ulikuwa umewatisha viboko kama ilivyokusudiwa. Lakini kichanja hakikuwepo, na vibanda vinne vilivyokuwa upande upepo ulikoelekea vilikuwa majivu, pamoja na wavu mpya wa mtu. Hakuna aliyekufa. Nilipopita kati ya watu walinijibu salamu zangu, lakini walizijibu kwa sauti ya chini, na mwenye wavu hakujibu.

Bwana wa boma alikuja na mashua, akakaa kwenye kiti barazani mwa duka, na kapaso, yaani tarishi wa chifu, akasimama kando yake. Waliitwa mwenye duka, mkubwa wa kambi ya Chisenga, mimi, na yaya, ambaye alikuwa ametoka zahanati akitegemea bega la jirani yake. Bwana wa boma hakuwa mtu mbaya. Alisema Kibemba kizuri, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuagiza yaya aletewe kiti.

Mkubwa wa kambi alisema kwanza. Alitaka fataki zifungiwe.

“Mukwai, kiboko anakula mihogo ya mtu mmoja,” alisema. “Moto ule ulikula nyumba za watu wanne na wavu. Mimi nikipewa nichague, nachagua kiboko.”

Watu waliosimama chini ya baraza waliguna kukubali. Yaya alikuwa akitazama mikono yake, mmoja uliofungwa na mmoja mzima, juu ya mapaja.

Bwana wa boma alimgeukia. “Mama, ulifundishwa masharti?”

“Nilifundishwa.”

“Unaweza kuyasema?”

Aliyasema. Aliyasema yote manne kwa utaratibu ule ule, kwa sauti ya mtu anayeumwa, bila kukosa neno. Alipomaliza, bwana wa boma alinitazama mimi, kisha akamtazama tena.

“Kama unayajua hivi, kwa nini uliziweka juu ya moto?”

“Mlisema ziwe mahali pakavu,” yaya alisema. “Zilikuwa zimelowa. Hamkusema kitu kwa zilizolowa.”

Kapaso alikohoa.

“Bwana,” yaya aliendelea, “usizifunge. Ongeza neno moja. Sema: iliyolowa haikaushwi, inazamishwa majini na kutupwa. Mtu akisema hilo pamoja na manne, hatafanya nilivyofanya. Ukizifunga, viboko hawafungiki. Watu watanunua za Kongo kama zamani, na huko hakuna anayewauliza kitu.”

“Huyu anataka kutuunguza mara ya pili,” mtu alisema kutoka chini.

“Nimekwisha kuungua, baba,” yaya alimjibu bila kugeuka. “Ninakusemea wewe.”

Bwana wa boma alifikiri kwa muda. Ninaamini alifikiri kweli. Alikuwa amevua kofia na kuishika magotini. Kisha alisema kwamba amesikia, na kwamba neno la mama lina maana. Lakini nyumba za watu zimeungua chini ya kibali chenye sahihi yake, na hawezi kuendelea mpaka wakubwa wake waamue. Kuanzia siku ile uuzaji ulisimama. Fataki zilizobaki ziharibiwe mbele ya kapaso.

Yaya aliuliza uamuzi huo utachukua muda gani.

“Sijui, mama.”

“Mihogo yangu inajua,” alisema.

Kazi ya kuziharibu niliifanya mimi, mchana ule ule. Tulijaza pipa maji ya ziwa nyuma ya duka, na nikazizamisha boksi baada ya boksi, nikizishika chini kwa ubao mpaka mapovu yakome. Rangi za karatasi zilitoka, nyekundu na bluu, zikachanganyika zikawa kijivu. Baada ya muda palibaki uji wenye harufu ya mayai yaliyooza. Kapaso alitazama yote, akasema ni vizuri. Yaya alikuwa amekaa kwenye gogo, akingoja mtumbwi.

“Kumbe njia ni rahisi hivi,” alisema.

Nilimwomba abaki kwangu mpaka mkono upone. Alikataa. Alisema shamba likibaki bila mtu, viboko watajua.

Mkono haukupona vizuri. Vidole vitatu vilishikamana, na jicho lilibaki likiona mwanga tu bila kuona kitu. Kwa mkono wa kushoto alijifunza kulima, halafu akajifunza kupiga debe. Jirani alimsaidia jioni za kwanza, lakini naye alikuwa na watoto. Wale waliounguliwa vibanda hawakumsaidia, na sitawalaumu. Baadhi yao walimwita mama baruti, mbele yake na nyuma yake. Mara mbili nilimpelekea watu wa kujenga uzio wa miti ya miiba. Kiboko hapiti juu ya uzio, anaupitia katikati.

Fataki za Kongo zilirudi chini ya magunia ya chumvi kama alivyosema. Watu walinijia dukani, walionijua, wakiniuliza kwa sauti ndogo jinsi ya kuzitumia. Nilikuwa nimekatazwa kuziuza, si kueleza, kwa hiyo nilieleza. Niliwaambia manne na la tano. Lakini waliokuja kuniuliza walikuwa wachache kuliko walionunua. Msimu ule nilikata vitambaa vya kufungia mikono mara nyingi kuliko zamani. Yaya mwenyewe hakununua za ng'ambo hata moja. Nilimuuliza sababu. Alisema amekwisha kusema mbele ya bwana wa boma kwamba ni mbaya, na hawezi kusema hivyo halafu ajifiche nazo.

Kabla ya mvua kwisha, viboko waliimaliza ile nusu. Jirani alituma neno kwa wavuvi, nami nikaazima mtumbwi kwenda kumchukua. Nilimkuta amekwisha kufunga vitu vyake: sufuria, jembe, kitabu cha nyimbo kilichoungua ukingo mmoja. Shamba lilikuwa matope yenye nyayo za duara, kila wayo umejaa maji. Ndugu wa mume wake alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa na haya.

“Shemeji, hatujakufukuza,” alimwambia.

“Najua, shemeji. Na mimi sijawaomba unga.”

Tulivuka. Upepo ulikuwa mwepesi na ziwa lilikuwa tambarare. Nilifikiri kwamba kama lingekuwa hivyo siku ile nyingine, ile pakiti ingefika kavu. Naye huenda alifikiri hivyo, kwa kuwa alitia mkono wake mzima majini, akauacha huko muda mrefu.

Baada ya misimu michache kibali kilirudishwa. Barua iliyokuja dukani ilikuwa na masharti matano. La tano lilikuwa lile lile, maneno yake yamebadilishwa kidogo kuwa ya kiofisi, na hapakutajwa mahali lilikotoka. Mwenye duka alikuwa amezeeka na miguu yake ilivimba. Aliniachia kila kitu. Nilianza kufundisha tena barazani, na watu wakaanza tena kufundishana, na kucheka, na kuzomeana. Vitambaa vya kufungia mikono vilianza kukaa dukani bila mnunuzi. Sina njia nyingine ya kupima, lakini hiyo niliiona kwa macho yangu.

Yaya hakuja dukani siku za fataki. Aliishi kwangu, katika chumba cha nyuma, akimenya mihogo ya shamba la mke wangu kwa mkono wa kushoto, kisu kikiwa kimefungwa kwa kamba kwenye kiti ili kikianguka upande wa jicho bovu asikitafute. Hakulalamika. Mke wangu alimheshimu. Lakini katika nyumba yetu alikuwa mtu anayepewa unga.

Siku moja waliingia wanawake wa Chisenga, na mmoja wao, kijana bado, alikuja mbele kusema masharti. Alinieleza kwamba anazihitaji kwa sababu amefungua shamba nyuma ya kambi, pale palipokuwa pameachwa, na udongo wake ni mzuri ajabu, mihogo inapanda kama imeitwa. Aliyasema manne bila shida. Alipofika la tano alicheka.

“Iliyolowa haikaushwi, inazamishwa,” alisema. “Lakini, mukwai, hili mmeliweka la nini? Ni mutu gani atakausha baruti kwenye moto?”

Wenzake walicheka naye. Mmoja, mkubwa zaidi, aliinamisha kichwa akajishughulisha na kitenge chake. Nilimtambua, alikuwa yule jirani wa yaya.

“Liseme tena,” nilimwambia kijana.

Alilisema tena, safari hii bila kicheko, kwa kuwa alidhani nimekasirika. Nikampa pakiti yake. Nilikuwa nimeifunga kwa kitambaa kilichopakwa nta badala ya karatasi ya sukari, kama nilivyofunga zote tangu kibali kiliporudi.

Nilipofika nyumbani yaya alikuwa ukumbini na ungo wake. Alikuwa ameona mitumbwi ikitoka upande wa kisiwa.

“Wamenunua?”

“Wamenunua.”

“Na la tano wamelisema?”

“Wamelisema.”

Alitafuta kisu kwa kufuata kamba, akachukua muhogo mwingine. Sikumwambia kuhusu shamba lake.